Injini Ngeni Katika Motokaa Kuukuu: Yampasayo Mwenye Gari Kuyapima Kabla ya Kununua

Wahenga walisema ya kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Neno hili lamfaa sana mtu mwenye motokaa ya zamani ambayo injini yake imechoka. Mwili wa gari waweza kuwa mzima, chesisi haina kutu, milango yafungika vema, lakini injini hunywa petroli bila kiasi, hutoa moshi wa buluu, na kila kilima huwa ni shauri. Hapo mwenye gari huona njia tatu mbele yake: kuliuza kwa bei ya vyuma vikuukuu, kuitengeneza injini ile ile upya, ama kutia injini ya namna nyingine.

Watu wengi huipenda njia ya tatu, na baadhi yao hufaulu sana. Lakini wako pia waliochukua injini nzuri wakaitia katika gari zuri, na kwa kuunganisha vitu viwili vizuri wakapata kimoja kibaya. Sababu yake si ngumu kuielewa. Injini haifanyi kazi peke yake. Hapana budi ipatane na klachi, sanduku la gia, difu, breki, rejeta na waya za umeme, na mwisho ipatane na karatasi za Serikali. Anunuaye injini pasipo kuyapima hayo yote amenunua nusu ya kazi tu, na mara nyingi nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama kubwa zaidi.

VIWANDA VIKUBWA VIMEFANYA KAZI HII

Kubadilisha injini si kazi ya mafundi wa gereji ndogo peke yao. Kampuni kubwa za motokaa zimeifanya mara nyingi, na afuataye mfano wao hatapotea.

Mwaka 1961 kampuni ya Buick huko Marekani ilitoa injini ndogo ya silinda 8 yenye ukubwa wa lita 3.5, iliyotengenezwa kwa aluminiamu badala ya chuma cha kusubu. Injini hiyo ilikuwa nyepesi sana, lakini gharama ya kuitengeneza ilikuwa kubwa, na baada ya mwaka 1963 Buick waliiacha. Kampuni ya Rover ya Uingereza iliitazama kwa jicho la tamaa, na mwaka 1965 ikapata haki ya kuitengeneza. Mwaka 1967 Rover waliitia katika gari lao la P5, ambalo lilikuwa limeuzwa tangu mwaka 1958 likiwa na injini ya silinda 6. Gari lilikuwa lile lile la zamani, lakini lilipata nguvu zaidi, na juu ya hayo uzito wa mbele ukapungua, maana injini mpya ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyoondolewa. Injini hiyo hiyo ilitumika katika Range Rover mwaka 1970, na mwaka 1973 ikatiwa katika MGB GT, gari dogo la michezo.

Fundisho kubwa zaidi lilikuja mwaka 1979, Rover walipoitia injini hiyo katika Land Rover. Hawakuifunga tu na kuliacha gari liende. Kwanza waliipunguza nguvu, ikabaki na nguvu za farasi 91 hivi, chini sana ya zile za Range Rover. Pili waliondoa sanduku la gia la kawaida la Land Rover, wakatia sanduku lenye nguvu zaidi lililotoka katika Range Rover. Tatu walibadilisha difu ili gari liende mbio ya kutosha pasipo injini kupiga kelele. Huko Australia nako, Land Rover za jeshi zilizotengenezwa tangu mwaka 1987 zilitiwa injini ya dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, nazo zilipewa sanduku la gia la ukoo huo huo wenye nguvu.

Basi ikiwa wahandisi wenye viwanda, vipimo na fedha nyingi waliona ya kwamba injini haiwezi kubadilishwa peke yake, mkulima mwenye gari moja hana sababu ya kudhani ya kwamba kwake itakuwa vingine.

MFANO WA MKULIMA WA KINANGOP

Ili jambo hili lieleweke vema, yafaa kulitazama kwa mfano. Chukua mkulima wa Kinangop ambaye hupeleka viazi, kabichi na maziwa sokoni. Gari lake ni Land Rover ya Series III, namna iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985, na ambayo wengi katika Kenya waliifahamu kwa sababu Land Rover ziliunganishwa Thika. Ndani yake mna injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi 70 hivi ilipokuwa mpya.

Sasa injini hiyo yatumia petroli nyingi. Land Rover ya namna hii ikiwa na mzigo kwa kawaida hutumia kama lita 17 kwa mwendo wa kilomita 100, na ikichoka hutumia zaidi. Mkulima amesikia habari za injini za dizeli, naye ataka kujua ni ipi itakayomfaa.

Njia nyepesi kuliko zote ni kutia injini ya dizeli ya Land Rover yenyewe, ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Injini hiyo na ile ya petroli ni kama ndugu wa tumbo moja. Ukubwa wa silinda zao ni mamoja, na zote mbili hufungwa kwenye sanduku la gia lile lile. Fundi mzuri hahitaji kutengeneza kipande chochote kipya cha kuziunganisha. Lakini dizeli hiyo ni dhaifu, maana ina nguvu za farasi 62 tu, na mwenye haraka ya kufika sokoni ataiona ni mvivu.

Njia ya pili ni injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, ya lita 2.5, iliyotoka mwaka 1989 katika Land Rover Discovery, na baadaye ikatiwa katika Defender. Injini hii ina turbo, na ile ya Defender ina nguvu za farasi 107 hivi. Jema lake ni kwamba nayo ni ya ukoo wa Land Rover, hata yaweza kufungwa kwenye sanduku la gia la Series kwa kutumia kipande cha nyuma cha injini ya zamani. Pia haina kompyuta, maana pampu yake ya dizeli hufanya kazi kwa vyuma vitupu. Fundi ajuaye pampu na nozo ataielewa. Lakini anunuaye aangalie imetoka katika gari gani. Ile ya Discovery ina turbo iliyokaa chini ubavuni, nayo hugusana na chesisi ya Series, na ile ya Defender ina turbo iliyokaa juu. Tofauti hiyo ndogo imewapa watu wengi kazi ya majuma mengi ya kukata na kuchomelea.

Njia ya tatu ni injini ya Kijapani, kama Toyota 3L ya dizeli ya lita 2.8, ambayo ilisukuma Hiace na Hilux nyingi. Mafundi wengi waijua na vipuri vyake si vigumu kupata. Hata hivyo matundu ya boliti zake hayalingani na yale ya sanduku la gia la Land Rover. Ni lazima kichongwe kipande cha chuma cha kuunganisha vitu hivi viwili, na kichongwe kwa mashine, si kwa tupa na macho. Shafti ya injini na shafti ya gia zapaswa kukaa katika mstari mmoja ulionyoka kabisa. Zikipishana hata kwa unene wa karatasi chache, klachi itatetemeka, beringi italia, na baada ya muda mfupi shafti itavunjika.

Wengine hufikiri kuepuka taabu hiyo kwa kutia injini pamoja na sanduku lake la gia. Shauri hili ni jema kwa gari lisukumwalo na magurudumu ya nyuma peke yake. Lakini katika Land Rover difu ya mbele imekaa upande wa kulia, na sanduku la gia la gari jingine laweza kutoa shafti yake upande wa kushoto. Hapo gari litapoteza nguvu ya magurudumu ya mbele, nayo ndiyo iliyomfanya mkulima alinunue.

Njia ya nne ni injini za petroli za siku hizi, nyepesi na zisizotumia mafuta mengi. Hizo huongozwa na kompyuta. Injini hiyo haitawaka mpaka ipewe kompyuta yake, waya zake zote, vipimo vyake vyote, pampu yake ya petroli yenye msukumo mkubwa, na mara nyingi hata ufunguo wake. Aliyenunua injini tupu iliyokatwa waya amenunua chuma kizito cha kuwekea mlango usifungwe na upepo.

HEWA YA MILIMANI

Liko jambo moja ambalo wauzaji wa injini hawalitaji, nalo lawahusu sana wakulima wa nchi za juu. Sehemu nyingi za Kinangop zimepita mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyembamba, na msukumo wake ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa, na ikikosa hewa hupoteza nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 ambazo gari limepanda. Kwa hiyo ile injini ya petroli yenye nguvu za farasi 70 pwani, ikifika Kinangop hubaki na hamsini na kitu.

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo husukuma hewa kwa nguvu kuingia katika silinda. Kwa sababu hiyo injini yenye turbo haipungukiwi sana milimani. Wako watu ambao huiondoa turbo ya 200Tdi ili injini ipate nafasi, au ili kulihurumia sanduku la gia la zamani. Katika nchi ya tambarare jambo hilo laweza kufaa. Lakini afanyaye hivyo katika nchi ya juu apunguze na dizeli inayotolewa na pampu, la sivyo gari litatoa moshi mweusi kama jiko la makaa, na fedha zake zitatoka pamoja na moshi huo.

NGUVU HUTAFUTA MAHALI PADHAIFU

Nguvu ya injini hupita katika klachi, gia, propela, difu na shafti za magurudumu. Ni kama mnyororo, na mnyororo hukatika penye pete iliyo dhaifu. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 168 hivi. Ile ya 200Tdi ina 255, yaani imezidi kwa nusu nzima. Sanduku la gia la Series halikutengenezwa kwa mzigo huo, na shafti za magurudumu ya nyuma zilikuwa na sifa ya kuvunjika hata kwa injini ya zamani.

Je, maana yake ni kwamba kazi hiyo haiwezekani? Sivyo. Ziko Land Rover za Series ambazo zimetembea miaka mingi zikiwa na injini hiyo. Lakini dereva wake hapaswi kukanyaga mafuta kwa ghafula katika gia ya kwanza, wala kuachia klachi kwa kishindo wakati gari limekwama matopeni na mzigo wa viazi. Mwenye gari ambaye huliacha mikononi mwa madereva watatu tofauti afadhali achague injini dhaifu kidogo.

Difu nayo yataka kupimwa. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7, maana yake propela huzunguka mara 4.7 gurudumu lizungukapo mara moja. Kwa tairi za kawaida za Land Rover ndefu, gari likienda kilomita 80 kwa saa injini hupiga mizunguko 2,900 hivi kwa dakika. Kwa dizeli hiyo ni kelele nyingi. Difu za Range Rover na Discovery za zamani zina uwiano wa 3.54. Zikitiwa, mizunguko hushuka mpaka 2,200 hivi kwa mwendo ule ule, na mafuta hupungua. Lakini hapana faida isiyo na gharama. Gia zote huwa ndefu, pamoja na ile ya kwanza ya kupandia mlima, na gari likiteremka injini hulizuia kwa nguvu ndogo zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo mtu anayeishi penye miteremko mikali ya Bonde la Ufa afikiri mara mbili kabla ya kuzibadilisha.

BREKI KWANZA, MWENDO BAADAYE

Hili ndilo neno lipasalo kuandikwa ukutani katika kila gereji. Gari lililotengenezwa kwenda kilomita 80 lina breki za kilomita 80. Land Rover za Series zina breki za dramu katika magurudumu yote manne. Dramu zikipata moto katika mteremko mrefu hupoteza nguvu, na kanyagio huenda chini pasipo gari kusimama. Injini yenye nguvu zaidi huongeza mwendo wa gari, lakini haiongezi hata chembe ya breki.

Juu ya hayo, liko jambo lililofichika. Magari mengi yana boosta ya breki, nayo hufanya kazi kwa kunyonya hewa kutoka katika injini ya petroli. Injini ya dizeli hainyonyi hewa kwa namna hiyo, basi ni lazima iwe na pampu yake ya kuvuta hewa. Mtu akiondoa injini ya petroli na kutia ya dizeli pasipo pampu hiyo, siku ya kwanza atakayokanyaga breki atakuta kanyagio ni gumu kama jiwe. Ikiwa siku hiyo yumo katika mteremko na abiria wako nyuma, hasara haitahesabiwa kwa shilingi.

Kwa hiyo kabla gari halijatoka gerejini na injini mpya, yapasa dramu zichunguzwe, bitana za breki zilizochakaa zibadilishwe, mipira ya mafuta ya breki iwe mipya, na gari lijaribiwe polepole mahali pa wazi. Ajaribuye kwa mara ya kwanza katika barabara kuu awaonea watu wengine.

RANGI YA MAJI, NJIA YA DIZELI NA WAYA

Rejeta ya zamani iliyojaa kutu haiwezi kuipoza injini yenye nguvu zaidi. Isafishwe ama ibadilishwe, na maji yake yakichotwa yawe safi, si ya rangi ya chai ya maziwa. Injini ya 200Tdi yahitaji pia kipoza mafuta, na kipoza hewa ya turbo, navyo vyote vyataka nafasi mbele ya gari. Fundi apime nafasi hiyo kabla injini haijanunuliwa.

Dizeli nayo ina desturi zake. Pampu hutoa dizeli zaidi kuliko inayochomwa, na ile inayosalia hurudi katika tangi. Tangi la petroli huenda halina bomba la kurudishia, basi hapana budi litiwe. Tangi lenyewe lioshwe, maana uchafu mdogo tu huharibu nozo, na nozo ni ghali. Injini ya dizeli pia yataka betri kubwa na nyaya nene, kwa kuwa ni ngumu kuiwasha asubuhi ya baridi, na plagi zake za kupasha moto hunywa umeme mwingi. Mwenye Land Rover ya miaka ya 1950 au ya mwanzo wa miaka ya 1960 ajue zaidi ya hayo ya kwamba nyingi katika hizo zilifungwa betri kinyume cha siku hizi, yaani upande wa chanya ndio uliogusa chesisi. Akifunga alteneta ya kisasa pasipo kugeuza jambo hilo, itaungua mara moja.

Injini ikiwa bado iko chini, yafaa kubadilisha kila kitu ambacho baadaye kitakuwa taabu kukifikia: bamba la klachi, sili ya nyuma ya mafuta, pampu ya maji, na mkanda wa taimingi. Injini ya zamani ya Land Rover hutumia mnyororo, lakini 200Tdi hutumia mkanda, na mkanda ukikatika injini inapokwenda, valvu hugonga pistoni. Hapana ajuaye umri wa mkanda ulio katika injini iliyonunuliwa sokoni. Kipande hicho cha bei ndogo chaweza kuokoa injini nzima.

KARATASI ZA SERIKALI

Kazi ya chuma ikiisha, kazi ya kalamu yaanza. Kitabu cha gari huonyesha nambari ya chesisi, nambari ya injini, ukubwa wa injini na namna ya mafuta inayotumia. Aliyetoa injini ya petroli na kutia ya dizeli amebadilisha mambo matatu kati ya hayo. Yampasa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili gari likaguliwe na maandishi yasahihishwe.

Wako wanaosema ya kwamba hiyo ni taabu bure, maana hakuna askari afunguaye boneti kutazama nambari. Maneno hayo yana hatari. Siku ya ajali, mwenye bima ndiye atakayefungua boneti. Na akiona ya kwamba gari alilolikubali si gari hilo lililogongwa, ana sababu ya kukataa kulipa. Tena siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili hulinganisha kitabu na chuma, navyo visipopatana huondoka.

Hatari nyingine ni ya injini za wizi. Anunuaye injini kuukuu adai stakabadhi yenye jina la muuzaji, tarehe na nambari ya injini, naye aitazame nambari hiyo kwa macho yake. Ikiwa imekwaruzwa ama imepigwa upya, airudishe fedha yake mfukoni, hata kama bei ni tamu. Stakabadhi hiyo ndiyo itakayomtetea.

HESABU YA MWISHO

Baada ya kuyajua hayo, mwenye gari achukue karatasi na kalamu. Aandike bei ya injini, usafiri wake, kipande cha kuunganisha, klachi, rejeta, ekzosi, betri, matengenezo ya breki, ujira wa fundi na ada za Serikali. Kisha aongeze kitu kwa ajili ya yale asiyoyaona, maana hayakosekani. Jumla hiyo aigawanye kwa bei ya lita moja ya mafuta, apate kujua ni lita ngapi.

Tuseme mkulima wetu husafiri kilomita 200 kila juma. Kwa petroli ya lita 17 kwa kilomita 100, hutumia lita 34. Ikiwa dizeli yenye turbo itatumia lita 10, atatumia 20. Ameokoa lita 14 kila juma, na kwa majuma 50 ya kazi ni lita 700 kwa mwaka. Ikiwa gharama yote ya kubadilisha injini ni sawa na bei ya lita 2,800, fedha yake itarudi baada ya miaka minne, na miaka ifuatayo itakuwa ni faida. Gari lake likiwa zima, shauri ni jema.

Sasa mtazame karani ambaye ana gari lile lile, lakini hulitumia mwisho wa juma tu kwenda shambani kwake, kilomita 50. Yeye huokoa lita 175 kwa mwaka. Kwa gharama ile ile angengoja miaka 16. Huyo afadhali aitengeneze upya injini yake ya zamani: atie pete za pistoni, asage valvu, asafishe kabureta, na fedha iliyobaki alipie karo ya watoto. Gari ni moja na injini ni moja, lakini jibu la mkulima si jibu la karani.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia fundi lisiwe, “Nitafutie injini kubwa.” Liwe hili: “Gari langu hufanya kazi gani, hubeba mzigo gani, hupanda vilima gani, na breki zake zaweza kuzuia nini?” Fundi ajibuye maswali hayo kabla ya kutaja bei ndiye fundi wa kukabidhiwa gari. Naye aanzaye kwa kutaja bei, na kusema ya kwamba kila kitu kitaingia tu, aachwe atafute mwingine wa kumfundishia kazi. Mwenye gari apimaye mambo haya kwa utaratibu aweza kulipa gari la baba yake miaka mingine mingi ya kazi, na kila jioni likarudi nyumbani salama pamoja na waliomo.